Kabla ya Kupesti, Tazama Ulichokopi

Ukikopi jedwali la wakulima wa kahawa kutoka Excel, kwenye ubao wa kunakili huingia nakala kadhaa za jedwali hilo hilo: maandishi matupu, maandishi yenye mapambo, HTML, hata picha. Programu unayopestia ndiyo huchagua. Kwa hiyo Notepad itatoa maneno na namba tu, wakati Word italeta na mistari ya jedwali.

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aliyeshuka kutoka Kibosho kuandika ripoti kwenye steshenari ya Moshi mjini hana haja ya kusakinisha chochote ili aone nakala hizo. Akiwa ndani ya Word abonyeze Ctrl, Alt na V kwa pamoja, na orodha ya miundo itafunguka. Awe macho na ule unaoitwa Worksheet Object. Huo hubeba faili zima la Excel, pamoja na kurasa ambazo hakuzikopi. Barua ya kuonyesha kilo tu inaweza kuondoka na malipo ya kila mwanachama ndani yake, na atakayeipokea akabofya jedwali mara mbili akayasoma. Mimi huchukua Unformatted Text na kupanga jedwali upya, hata kama kazi inaongezeka.

Namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) nazo husumbua. Zina tarakimu 20, na zikiandikwa bila vistari Excel hushika 15 za mwanzo, zinazobaki huzigeuza sifuri. Pesti kwanza kwenye Notepad. Zikionekana zote 20, ubao hauna kosa: geuza seli za Excel ziwe Text, kisha kopi kutoka Notepad.

Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, kitufe cha Windows pamoja na V huonyesha vitu hadi 25 vilivyokopiwa, mradi historia imewashwa. Kwenye Mac, ili kuona ulichokopi mwisho, fungua Finder, menyu ya Edit, kisha Show Clipboard. Wenye Linux ya Wayland wanaweza kutumia amri wl-paste --list-types, ambayo hutaja kila muundo.

Kwenye steshenari kompyuta ni ya wote, na historia hiyo ya Windows huonekana kwa atakayekaa baada yako, nywila ikiwemo. Kabla hujanyanyuka bonyeza Windows na V, kisha Clear all. Vilivyobanwa kwa pini haviondoki kwa njia hiyo. Vifute kimoja kimoja.