Nyanya Alipopotea Njia: Ubongo Huchaguaje pa Kwenda?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini je, ndugu msomaji, huyo mwenda tezi na omo huijuaje njia ya kurudi? Akifika njia panda, ni nini kinachomwambia akate kushoto au kulia? Nitajaribu kulijibu swali hili kwa sababu likizo ya Agosti lilibisha hodi nyumbani kwetu.

Nyanya yangu amekwenda sokoni kila Alhamisi tangu kabla sijazaliwa. Njia yake ni moja: anatoka langoni, anapita kinu cha kusagia mahindi, anakata kushoto kwenye mkuyu, basi amefika. Alhamisi hiyo jirani alikuwa amezungushia shamba lake seng'enge, kwa hivyo Nyanya akalazimika kuzunguka na kuufikia mkuyu kutoka upande wa pili. Alipoufikia, akakata kushoto kama kawaida. Tulimpata jioni kando ya mto, kikapu mkononi, akituuliza soko limehamishwa lini.

Usiku huo nilisikia minong'ono. Mmoja alisema eti ni uzee tu. Mwingine alisema neno baya zaidi, kwamba kikongwe anayetangatanga mtoni peke yake ana lake jambo. Nilitetemeka. Sote tunajua kuwa katika sehemu kadhaa za nchi yetu, Kisii na Kilifi zikiwamo, wazee wameshutumiwa uchawi na hata kuuawa. Ndiyo maana naomba tusome somo hili kwa makini.

Ramani na mazoea

Ubongo una njia mbili za kuchagua pa kwenda. Ya kwanza ni ramani: unajua soko liko wapi, hata ukianzia mahali pageni. Ya pili ni mazoea: ukifika hapa, kata kushoto. Mazoea hayajui soko liko wapi. Yanajua kushoto tu.

Usicheke, nawe pia unayo. Mimi nilipohamishwa bweni muhula wa kwanza, wiki nzima miguu ilinipeleka bweni la zamani baada ya prepu. Siku moja nilishtuka nimeshavuta blanketi la mtu!

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Tolman aliandika kuwa hata panya ana ramani akilini. Wenzake wengi walibisha, wakisema panya ana mazoea tu. Mwaka 1996 Mark Packard na James McGaugh walionyesha kuwa yote mawili yamo. Walitumia vichochoro vilivyojengwa kama msalaba. Kila siku panya alianzia upande mmoja na kupata chakula akikata, kwa mfano, kushoto. Siku ya 8 walimwanzisha upande wa pili. Panya wengi walikata kulia, pale pale penye chakula. Hao walifuata ramani. Siku ya 16 walipojaribiwa tena, wengi walikata kushoto. Mazoea yalikuwa yameshika usukani, sawa na Nyanya pale mkuyuni!

Ajabu ni hii: watafiti walipotia ganzi sehemu ya ubongo inayotunza mazoea, panya walirudi kuifuata ramani. Kumbe ramani haikuwa imefutika. Ilikuwa imekaa kando tu, ikingojea kuitwa.

Ramani imechorwa wapi?

Ndani ya ubongo, upande wa kila sikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky huko London walieleza seli za hapo zenye tabia ya pekee. Seli moja huchangamka panya akiwa kwenye pembe hii, nyingine akiwa kwenye pembe ile. Zikaitwa seli za mahali. Mwaka 2005, May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao huko Norwe walitangaza seli za gridi katika sehemu iliyo jirani. Hizo hupanga nafasi kwa mpangilio maalumu, mfano wa mistari tunayoiona kwenye ramani za Jiografia. O'Keefe na hao wawili walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2014.

Lakini kuwa na ramani si kuchagua. Hebu mtazame panya njia panda: husita, akageuza kichwa huku na huku. Mwaka 2007, Adam Johnson na David Redish wa Minnesota walionyesha kuwa katika kusita huko, seli za mahali huchangamka kana kwamba panya anakimbia mbele kwenye kichochoro kimoja, kisha kingine, hali miguu yake imesimama. Yaani ubongo huijaribu safari kabla ya kuianza.

Turudi kwa Nyanya

Hospitalini daktari alitueleza kuwa dalili zake ni za ugonjwa wa Alzheimer. Ugonjwa huu huanza mapema kuziharibu zile sehemu mbili: hipokampasi na jirani yake yenye seli za gridi. Mazoea huweza kudumu kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Nyanya bado anapika chai vizuri na anakwenda kisimani na kurudi. Njia ikibadilika, anaiita ramani na ramani haiitiki. Anabaki na kushoto yake tu.

Si uchawi, si ukaidi, wala si kila mzee msahaulifu ana ugonjwa huu. Daktari ndiye wa kupima. Sisi wajukuu tuna kazi yetu: tusivihamishe vyombo na viti vyake ovyo, tusimfokee "umesahau tena?", na njia ikibadilika tumsindikize. Siku hizi kila Alhamisi ya likizo naenda naye sokoni. Tukifika mkuyuni ananishika mkono, nami nangoja kidogo kabla ya kugeuka.

Na ukisikia mtu akimnong'ona mzee aliyepotea njia, usinyamaze. Mweleze ulichosoma hapa.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya ramani na mazoea kwa kutumia mfano wa shuleni mwetu.
2. Kwa nini watafiti walimwanzisha panya upande wa pili?
3. Andika mambo mawili ambayo familia inaweza kumfanyia mzee asipotee njia.