Somo la Ufundi: Uso wa Meza ya Kazi ya Nyumbani



Msimu wa mavuno unapoanza, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa haina nafasi ya kuugua. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku ile ile. Ikilala, huanza kuchacha ndani ya ganda lake na daraja lake hushuka. Kwa hiyo mwanachama mwenye jiliwa, nyundo na msumeno nyumbani kwake ni msaada mkubwa kwa majirani, na meza anayofanyia kazi si jambo dogo. Somo hili lahusu sehemu moja tu ya meza hiyo, nayo ni uso wake. Ndio unaokula fedha nyingi, na ndio unaoharibika upesi.

Mwandishi wa somo hili alijifunza kwa hasara. Alinunua mbao za mkaratusi zilizokuwa bado mbichi, akazipigilia misumari juma lile lile, akaona amepata meza ya bei nafuu. Kiangazi kilipoingia mbao zilijikunja, na nafasi kati yake zikafikia upana wa kidole. Siku moja katikati ya mavuno nati ya mashine ya jirani ikatumbukia humo, ikapotelea chini penye takataka za randa. Ilitafutwa hadi taa ikawashwa, na kahawa ya nyumba tatu ikalala bila kumenywa.

Wazee wetu wangekushauri utafute mkulo, yaani kamfora ya mlimani, au mvule kama ile mikubwa ya Msitu wa Rau. Ushauri huo ulifaa kwa wakati wake. Lakini mwaka 1984 uvunaji wa miti ya asili katika msitu wa Kilimanjaro ulipigwa marufuku, na mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Mtu anayekuletea ubao wa mkulo usiku kwa bei ya kutupa anakuuzia kesi. Na yule wa mataruma ya reli ni ndugu yake.

Mti unaofaa aghalabu umo kihambani mwako: mgrivea, ambao asili yake ni Australia na ambao ulipandwa huku ili kuitilia kahawa kivuli. Si mgumu kama mvule, na nyundo itaacha alama juu yake. Lakini ubao wake ukiwa mnene na mkavu huvumilia kazi kwa miaka mingi. Jihadhari tu na unga wake, maana huwawasha ngozi baadhi ya watu. Kibali cha kukata kiulizwe ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya kabla shoka halijainuliwa, hata kama mti ni wako. Asiye na mgrivea atumie saiprasi au paina za mashamba ya miti, kama yale ya West Kilimanjaro na Rongai. Mbao za chipubodi tusizijadili sana: zikipata maji huvimba na kumomonyoka.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Mbao mbili za inchi mbili kwa sita, kila moja futi kumi na mbili, zikikatwa katikati hutoa vipande vinne vya futi sita. Ukivilaza ubavu kwa ubavu unapata meza ya upana wa inchi ishirini na nne, yaani kama sentimeta 60. Hiyo yatosha kwa fundi wa nyumbani. Usivutwe na ubao mmoja mpana, kwani ubao mpana hujikunja zaidi.

Jambo lenyewe hasa ni ukavu. Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa jambo hili upya, kwa kuwa kahawa ya maganda pia haipelekwi ghalani mpaka maji yake yapungue. Panga mbao kivulini penye upepo, juu ya mawe, zikiwa kama sentimeta 40 kutoka ardhini. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja, kila baada ya futi mbili, na kila kijiti kisimame wima juu ya mwenzake wa chini. Ncha za mbao zipakwe rangi yoyote iliyobaki, maana maji hukimbilia kutokea nchani na hapo ndipo ubao hupasuka. Juu kabisa weka mawe mazito.

Mbao zitakauka lini? Mafundi husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, lakini chama chako kina kipimo bora zaidi: mizani ya kahawa. Chagua ubao mmoja, uupime kila baada ya majuma mawili wakati wa kiangazi, na Katibu aandike uzito. Ukipimwa mara tatu mfululizo usipungue, ubao umekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu. Mbao zisipangwe ndani ya ghala lenye kahawa, hasa zilizopakwa dawa ya bungua, kwa sababu kahawa hunasa harufu na mwonjaji mnadani ataigundua.

Wakati wa kuunda, upande wa kiini utazame juu, ili ubao ukijikunja kingo zibane mihimili badala ya kunyanyuka. Ubao wa mbele, wenye jiliwa, ukazwe kwa bolti. Mbao nyingine tatu zishikwe kwa skurubu zinazotoka chini kupitia mihimili, na matundu ya mihimili yarefushwe kidogo kufuata upana wa meza, ili mbao zivimbe wakati wa masika na kusinyaa kiangazi bila kupasuka. Juu yake pigilia hadibodi kwa misumari midogo ya pembeni. Hadibodi hiyo huziba nafasi, hupokea mafuta na makovu yote, na ikichakaa hung'olewa ikawekwa nyingine. Afanyaye kazi za chuma peke yake aweke bati bapa.

Apendaye kuacha mti wazi aupake mafuta ya kitani mara mbili au tatu. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje mpaka yakauke, kwani yakifinyangwa na kutupwa pembeni huweza kupata moto yenyewe.