Goti jipya: nyoosha kwanza

Siku ya tatu baada ya kubadilishiwa goti la kulia, wifi yangu aliniwekea mto chini ya goti. Aliniwekea kwa mapenzi, nami nikamshukuru, maana maumivu yalitulia papo hapo. Nikaulalia mto ule karibu wiki mbili. Niliporudi kliniki, kijana wa fiziotherapia alinilaza chali, akapitisha mkono chini ya goti langu, ukatokea upande wa pili bila kugusa. "Mama," akaniambia, "hapa hapatakiwi kupita hata karatasi." Akapima: goti lilikuwa limebaki na nyuzi 12 za kupinda.

Wewe unayetoka hospitali wiki hii, nakusihi, usiweke mto chini ya goti. Kunja taulo, iweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake. Mimi nilikaa hivyo dakika kumi, mara tatu kwa siku. Katikati nilikuwa nakaza msuli wa paja kama ninayetaka kuligandamiza goti kitandani, nahesabu mpaka tano, nalegeza. Linauma, sikufichi. Lakini goti lisiponyooka utachechemea, na paja litachoka kabla hujafika sokoni. Kila anayekuja kukujulia hali atakuuliza unakunja kiasi gani. Kunyoosha hawakuulizi.

Kukunja nako hakungoji. Kovu hujijenga ndani ya goti tangu wiki za mwanzo, na likishakomaa halisikii mazoezi. Wapo ambao daktari hulazimika kuwapa nusukaputi ili alikunje goti yeye mwenyewe. Kutembea tambarare kunataka nyuzi kama 65 tu. Kupanda ngazi na kuinuka kitini ndiko kunakotaka 90 na zaidi.

Kitandani nilitumia kanga: naipitisha chini ya unyayo, nashika ncha mbili, nauvuta mguu taratibu kisigino kikiburuta kwenye shuka. Mchana nilikaa kwenye kiti kigumu cha mezani, nimevaa soksi ili mguu uteleze kwenye vigae, nikaurudisha nyuma mpaka unapogoma. Hapo nashikilia, navuta pumzi, nasogeza kidogo tena. Kila jioni binti yangu alichora mstari wa chaki mbele ya kidole gumba. Siku nyingine mstari ulikaa palepale pa jana, na nililia. Wiki ya sita ukawa chini ya kiti: nyuzi 95. (Soksi ivue kabla ya kusimama.)

Dawa ya maumivu nilimeza nusu saa kabla ya mazoezi. Baadaye barafu ndani ya taulo, dakika 15 au 20, mguu ukiwa juu kuliko moyo, kwa sababu goti lililovimba halikunji. Likiamka limevimba kuliko jana, ujue umezidisha. Punguza, ila usiache. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, usingoje hata saa moja.

Sasa ni mwezi wa tano tangu upasuaji, nakunja nyuzi 115. Swala bado naswali kwenye kiti. Juzi yule kijana alinilaza tena chali, akajaribu kupitisha mkono. Vidole viliishia ukingoni mwa goti.