Hoja Yenye Ila Haifai, Hata Ikiwa ni Yetu



Katika darasa zetu tumekuwa tukizungumza juu ya ada zisizo na asili katika dini. Tumeona jambo ambalo hatukulitaraji, nalo ni kuwa hoja mbovu hazitoki kwa wanaotupinga peke yao. Baadhi yetu pia twazitoa. Kwa hivyo tumeona ni wajibu somo hili liwe juu ya hoja zenyewe: vipi mtu ataitambua hoja iliyo sawa na hoja yenye ila.

Hoja yenye ila wanavyuoni wa mantiki huiita mughalata, nayo ni maneno yaliyovikwa nguo ya dalili, na ndani yake dalili hamna. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alitunga kitabu kizima akibainisha kwamba mizani za kupimia hoja zimo ndani ya Qur'ani. Sisi leo tutataja ila nne tu, zile zinazosikika kila siku barazani, sokoni na majumbani.

Ila ya kwanza ni kuliacha neno na kumshika msemaji. Nabii Musa alipomfikishia Firauni ujumbe wa Mola wake, Firauni hakuujibu ujumbe. Alimkumbusha Musa kwamba alilelewa nyumbani kwake, kisha akamtajia yule mtu aliyeuawa. Khabari hiyo imo katika Sura ya Ash-Shu'araa. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli, wala hapana hata moja lililokuwa jawabu. Nasi kwetu kijana akisema kwamba mali ya mayatima isipikiwe watu matangani, huambiwa: "Wewe mtoto wa juzi, jana tu Magharibi ilikukuta uwanjani unacheza mpira!" Huenda ikawa ni kweli alikuwa akicheza, lakini mali ya yatima imehalalika kwa mpira ule?

Huenda msomaji akauliza: mbona wanavyuoni wa Hadithi huchunguza tabia za wapokezi? Jawabu ni kwamba mpokezi ni shahidi, na ushahidi hupimwa kwa shahidi. Ama hoja hupimwa kwa hoja yenyewe. Abu Hurayra alifundishwa fadhila ya Ayatul Kursiyyu na mwizi wa zaka, naye alikuwa shetani, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba yule amesema kweli, ijapokuwa ni mwongo.

Ila ya pili ni kusema: "Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu," au "Watu wote wafanya hivi." La kwanza Qur'ani imelikataa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 170, na la pili katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 116. Lakini tusikosee hapa. Kumfuata mwanachuoni kwa sababu ana ilimu ambayo sisi hatuna si kosa. Tumeamrishwa tuwaulize wajuao. Kosa ni kuufanya umri wa jambo, au wingi wa wanaolitenda, kuwa ndiyo dalili yake. Jambo la miaka mia laweza kuwa haki na laweza kuwa batili. Na jambo la jana vile vile.

Ila ya tatu ni kudhani kwamba kila kilichokuja baada ya jambo kimeletwa na jambo lile. Mtoto ameshikwa na homa, akanyweshwa kombe, na asubuhi yake akapata nafuu. Husemwa: "Ni kombe hilo!" Na homa ya malaria ina ada ya kupanda na kushuka, basi nafuu ya siku moja si dalili ya kupona. Jioni homa ikirudi, kombe halilaumiwi, hulaumiwa jicho la jirani. Hii ni hoja isiyokubali kushindwa kwa vyovyote: mtoto akipona ni ushahidi wake, na asipopona lawama ni ya mwengine. Hatusemi kwamba Qur'ani haina baraka, Mwenyezi Mungu atuepushe na neno hilo. Twasema kwamba Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha dua ndiye pia aliyetuamrisha tujitibu. Tumewahi kumzika mtoto aliyekaa siku tano na kombe, na hospitali iko mwendo wa robo saa.

Ila ya nne ni kumfungia mtu milango yote isipokuwa miwili: "Ama chuo, ama shule, ukitaka dini mtoe mtoto shuleni." Ni nani aliyesema kwamba viwili hivi havikutani? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waishike dini yao na watafute ilimu ya dunia pamoja.

Sasa turudi kwetu wenyewe. Siku moja darasani alitajwa bwana mmoja anayetetea maulidi. Mwenzetu akasema: "Huyo afuata pilau tu!" Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Masheikh, hoja yake hasa ilikuwa nini?" Hapana aliyeweza kumjibu. Tulikuwa tumefanya lile lile la Firauni, tena ndani ya msikiti, na huku twadhani twainusuru Sunna.

Mwaka wa 10 wa Hijra (632) alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), naye angali mchanga. Siku ile jua likapatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa kufa kwake. Watu wa falaki wa leo wamehesabu na kupata kwamba jua lilipatwa Januari 27 mwaka ule. Zingatieni, ndugu zetu: neno lile la watu lilimtukuza Mtume, na yeye yumo katika msiba wa mwanawe. Angenyamaza tu, wengi wangezidi kumwamini. Lakini hakunyamaza. Aliwabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Hakuikubali hoja yenye ila imsaidie, ijapokuwa yeye ndiye mkweli wa wakweli.

Basi kabla hatujasema, tujiulize mambo matatu. Je, twalijibu lile lililosemwa, au twamjibu aliyelisema? Je, dalili hii tungeikubali lau ingeletwa na anayetupinga? Na je, limo jambo lolote ambalo likitokea tutakiri kwamba tumekosea? Asiyeweza kuyajibu maswali haya na anyamaze kwanza, arudi kusoma.

Yule bwana wa maulidi tumemwendea nyumbani kwake, tukamtaka radhi, na tukamwomba atueleze hoja yake kwa ulimi wake. Tungali hatuafikiani naye. Lakini sasa twajua ni katika jambo gani.

Mwenyezi Mungu atuongoe sisi na wao. Amin.