SOMO: Tuwasaidie Wazee Wetu Kukumbuka Dawa



Saa kumi na mbili asubuhi, huku kwetu Kericho na Bomet, wenye nguvu wamekwisha beba vikapu kwenda kuchuma majani chai. Watoto wako njiani kwenda shule. Nyumbani anabaki gogo peke yake, na mezani ziko bahasha tatu za dawa. Mpaka jioni hakuna wa kumuuliza, "Gogo, umemeza dawa?"

Halafu siku moja anapooza upande mmoja, nasi tunashangaa. Ati si alikuwa na dawa? Ndiyo, dawa alikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya bahasha.

Tatizo hili si la kijiji chetu tu. Mwaka wa 2003 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao sawasawa. Basi tusimlaumu mzee. Tutafute sababu.

Kwa nini dawa hazimezwi?

1. Mzee anajisikia vizuri. Presha mara nyingi haiumi. Anafikiri amepona, kumbe ni dawa ndiyo inayoishikilia presha chini. Akiacha, inapanda tena kimyakimya.

2. Maandishi hayaeleweki. Kwenye bahasha imeandikwa "1×2", yaani tembe moja, mara mbili kwa siku. Mwingine anasoma kuwa ni tembe mbili mara moja. Na macho yenyewe hayaoni vizuri.

3. Anaogopa. Dawa nyingine za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi, na choo kiko mbali. Hawezi kumwambia mkaza mwana wake jambo hilo.

4. Anapunguza ili zisiishe upesi. Nauli ya kwenda Tenwek, Kaplong, Litein au Longisa si kidogo, na pesa za majani hazijafika.

Tufanye nini?

Kwanza tukae naye, tumwulize kwa heshima. Tusimwamrishe kama mtoto. Huyu ndiye aliyetulea.

Pili, tufunge dawa na jambo ambalo halisahau kamwe. Je, kuna mzee anayesahau chai ya asubuhi? Dawa ya asubuhi iende na kikombe hicho. Ya jioni iende na ugali, au na taarifa ya habari redioni. Lakini tumwulize mhudumu kwanza ni dawa gani humezwa pamoja na chakula. Dawa ya presha inayoleta mkojo, mwulizeni kama inaweza kumezwa asubuhi, ili mzee asiamke usiku gizani na kuanguka.

Tatu, tuchore. Juu ya bahasha tuchore jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya usiku. Kila akimeza, atie alama kwenye kalenda ya ukutani. Mjukuu akirudi shuleni ataangalia kalenda. Hiyo ni kazi nzuri kwa mtoto, tena inamkalisha karibu na gogo.

Nne, dawa ziwekwe mahali pakavu, mbali na watoto. Tusiziweke juu ya jiko pamoja na vibuyu vya mursik. Joto na mvuke huziharibu.

Tuhesabu pamoja

Mzee alipewa tembe 30 za kumeza moja kila siku. Baada ya siku 30 zimebaki 8. Maana yake siku 8 hakumeza. Kama zimeisha siku ya 22, basi alizidisha, au amemgawia jirani. Dawa ya mtu mmoja si ya mwingine, hata kama ugonjwa ni mmoja. Hesabu hii ifanyike kila wiki, bila kugombana.

Tahadhari

Akisahau, ameze anapokumbuka. Lakini kama saa ya dawa inayofuata imekaribia, aiache ile ya kwanza. Asimeze mara mbili ili kulipia.

Dawa nyingine za kisukari ni hatari kwa mtu ambaye hajala. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi mara moja, kisha mumpeleke zahanati. Akiwa amezimia, msimwekee kitu mdomoni. Mkimbizeni.

Maziwa, hata mursik, huzuia dawa nyingine zisifanye kazi vizuri. Na kama mzee anatumia miti shamba, mwambieni daktari bila haya.

Mzee asiache dawa kwa sababu inamsumbua. Arudi aliyempa ambadilishie.

Kazi ya kikundi

Mtu mmoja akienda kliniki, awaulize majirani wazee kama dawa zao ziko karibu kuisha, ili waondoke pamoja. Kikundi kinaweza kutenga kitu kidogo cha nauli katika mchango wa kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwiteni pia mhudumu wa afya ya jamii. Tangu serikali ilipozindua mpango wao Septemba 2023, wahudumu hawa walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mwombeni aje siku ya mkutano.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika boma letu, ni nani anameza dawa kila siku? Tunajua ni za nini?
2. Anabaki na nani wakati sisi tuko shambani?
3. Je, tumewahi kumwuliza kwa nini anaziacha, au tumemgombeza tu?
4. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja wetu atamtembelea mzee gani?

Jioni ya leo, kabla ya kulala, nenda ukahesabu tembe pamoja naye.