Mafigo na Chumvi

Siku ya soko la Oicha, mama mwenye kuuza mihogo husimama tangu asubuhi hata jua linaposhuka. Jioni miguu yake imevimba. Ukibonyeza kwa kidole karibu na kifundo, hubaki shimo dogo, kama katika udongo laini. Pengine jirani husema, “Amekanyaga dawa ya mchawi.” Lakini mama akienda kulala, huamka usiku mara mbili kukojoa, na asubuhi miguu imepungua. Je, mchawi gani huyo mwenye kuondoka mtu akilala?

Teremsha mkono wako, uhesabu hata 50. Mishipa ya mkono hujaa. Sasa uinue juu ya kichwa: mishipa hupotea. Damu ina uzito kama maji, nayo hutaka kwenda chini. Mtu mzima akisimama, damu yake, karibu nusu lita, hushuka miguuni na chini ya tumbo. Basi damu yenye kurudi moyoni hupungua.

Mungu ametupa mafigo mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja kadiri ya ngumi. Kwa siku moja huchuja maji ya damu karibu lita 180, na katika maji hayo mna chumvi zaidi ya kilo 1! Zamani Wanande walifanya safari ndefu mpaka ziwa la Katwe, katika Uganda, kutafuta chumvi. Wengine walichoma majani wakapata chumvi katika majivu. Mafigo nayo hayapendi kuimwaga bure. Karibu yote huirudisha katika damu. Kidogo tu hutoka pamoja na mkojo, kadiri ya ile tuliyokula.

Nani huyaambia mafigo yashike nyingi au kidogo? Wako wajumbe waitwao homoni, wenye kusafiri ndani ya damu. Mtu akisimama, mafigo husikia kwamba nguvu ya damu imepungua. Hapo hutoa renini, ambayo ilivumbuliwa katika mji wa Stockholm mwaka 1898. Renini huleta mjumbe wa pili, na huyo huenda mpaka tezi mbili ndogo zenye kukaa juu ya mafigo kama kofia. Tezi hizo hutoa aldosteroni, iliyojulikana mwaka 1953. Neno lake kwa mafigo ni moja: “Shikeni chumvi!” Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Kwa hiyo mama yetu sokoni hukojoa kidogo. Lakini damu iliyojaa miguuni husukuma maji nje ya mishipa, na miguu huvimba.

Mama akilala, damu hurudi kifuani. Vyumba vya juu vya moyo hujaa na kutanuka. Watu wengi hufikiri moyo kazi yake ni kusukuma damu tu. Sivyo. Mwaka 1981, katika Kanada, mwalimu de Bold na wenzake walionyesha kwamba moyo nao una mjumbe wake, mwenye kuyaambia mafigo, “Achilieni chumvi!” Wakati ule ule renini na aldosteroni hupungua. Maji ya miguuni hurudi katika damu, hupita mafigoni, na mama huamka kwenda nje gizani.

Ndiyo sababu waganga, wakitaka kupima aldosteroni, huuliza kwanza kama mgonjwa alikuwa amelala au amesimama. Mtu ni yule yule, lakini hesabu mbili si sawa.

Mama huyo akipata nafasi mchana, akae, aweke miguu juu ya kiti kingine. Na makayabo yenye chumvi nyingi asile kila siku. Lakini mtoto akiamka asubuhi na macho yamevimba, au miguu ya mtu isipopungua hata baada ya kulala usiku mzima, jambo hilo ni lingine. Pengine mafigo yenyewe yanaugua, au moyo. Asipelekwe kwa mpiga ramli. Apelekwe hospitali siku ile ile, na mkojo wake upimwe.