Ngoma ya Zamani: Ijue Thamani Yake Kabla ya Kuiuza

Kijitabu cha elimu kwa umma, Kaunti ya Isiolo

Mtu anaingia uani kwako Bulla Pesa. Anaiona ngoma ya marehemu babu juu ya magunia ya mkaa, anaigonga kwa kidole, anataja bei na kutoa noti papo hapo. Nawe unadaiwa karo. Usimfukuze, ila usipokee pesa leo. Mwambie arudi wiki ijayo, na wiki hiyo uitumie hivi.

1. Andika habari zake

Wasamburu na Waturkana hucheza kwa sauti, makofi na miguu, bila ngoma. Kwa hiyo ngoma kuukuu ikipatikana Isiolo, swali la kwanza ni: ilifikaje hapa? Huenda ilishuka na jamaa kutoka Meru au Tharaka. Huenda ni ile ndefu ya Wachuka, inayobanwa mapajani. Huenda ilitoka Ukambani au Pwani.

Waulize wazee, kila mmoja peke yake, kisha uandike:
- Nani aliichonga, au ilinunuliwa wapi?
- Ilipigwa lini: harusini, jandoni, kwenye matambiko?
- Nani aliruhusiwa kuigusa?
- Imepitia mikono ya nani hadi kukufikia?

Ngoma mbili zikifanana, mnunuzi makini huipa bei kubwa ile yenye majibu ya maswali haya.

2. Ikague mwenyewe

Itoe nje asubuhi, jua likiwa bado chini. Chungulia ndani ya mzinga: je, ni gogo moja lililochimbwa, na makovu ya tezo yanaonekana? Ngozi imewambwa kwa mambo ya mti, kwa kamba au kwa misumari? Misumari peke yake haithibitishi kwamba ngoma ni mpya. Pengine iliwambwa upya baadaye.

Kisha tafuta mahali palipochakaa. Ngoma iliyopigwa kweli huchakaa kwa mpango: ukingo hulainika pale kiganja kilipotua, ubavu hung'aa pale mkanda ulipopita. Ya kughushi huwa nyeusi sawasawa kila upande, na ndani mti ni mweupe. Gusisha kitambaa cheupe chenye unyevu mahali padogo pa mti. Kikitoka na rangi ya viatu, umeshajua.

3. Usiitengeneze

Usiioshe, usiipake vanishi, usiiwambe ngozi mpya. Ngozi iliyopasuka bado ni ushahidi, na fundi akiitupa, thamani inaondoka nayo. Ukiona unga wa mbao chini yake kila asubuhi, bungua wamo. Iweke mbali na vitu vingine vya mti. Ifunike kwa shuka ya pamba, iinue kutoka sakafuni, na usiiweke karibu na jiko.

4. Sheria inasemaje

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila kibali.

Angalia na ngozi. Ya mbuzi au ng'ombe haina neno. Ikiwa ni ya kenge, punda milia au mnyama mwingine wa porini, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaweza kuihesabu kuwa nyara, na kukaa na nyara bila kibali ni kosa. Uliza ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) kabla ya kuitangaza sokoni.

5. Je, ni yako kuuza?

Ngoma iliyolala nyumbani kwako inaweza kuwa amana ya ukoo. Wapokomo wa kaunti jirani ya Tana River wanaijua hasara hiyo. Ngadji, ngoma yao takatifu, ilichukuliwa wakati wa ukoloni na tangu 1908 imo British Museum, London. Hadi leo wanaidai. Ikiwa wazee wamekuambia ngoma yako ilikuwa ya matambiko, itisha kikao cha ukoo kabla ya kukutana na mnunuzi.

6. Piga picha, kisha ulizia bei

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili, nguzo za mti za ukumbusho, alivyovisimamisha kwa ajili ya nduguze waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Vilipoonekana katika makavazi huko Marekani, ni picha ile iliyothibitisha vilikotoka, na zaidi ya miaka 20 baada ya kupigwa kwake vikarudi Kenya. Basi piga ngoma yako picha: mbele, nyuma, ndani, na kila ufa, ukiweka rula kando yake.

Beba picha na maandishi yako hadi Makavazi ya Meru, safari fupi kwa matatu kutoka stendi ya Isiolo. Wataalamu wa makavazi husaidia kutambua kitu. Kwa kawaida hawakadirii bei ya soko. Kwa bei, uliza wafanyabiashara wawili au watatu wa vitu vya kale, na uwaulize zilizofanana nayo ziliuzwa kwa kiasi gani, kwani bei iliyobandikwa dukani si lazima iwe ndiyo iliyolipwa. Anayetaka kuinunua asiwe ndiye mkadiriaji wako.

Ukiamua kuuza, andikianeni hati yenye tarehe, bei, majina na saini za mashahidi wawili, na ubaki na nakala pamoja na zile picha. Ukiamua kutouza, maandishi yale wape watoto, wajue ngoma ile ilikuwa ya nani.